Mhasibu wa Njoro aipeleke wapi sahihi yake?

RIPOTI za soko la Moshi huzungumzia kahawa, mahindi, sukari na bei ya dola. Mara chache hutajwa bidhaa nyingine ambayo mji huu umekuwa ukiiandaa tangu Chuo cha Ushirika kilipofunguliwa mwaka 1963: watu wa kushika vitabu vya hesabu. Chuo hicho kilipandishwa hadhi na kuwa Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi mwaka 2014. Vijana wake, pamoja na wenzao waliosoma Dar es Salaam, Mzumbe na Arusha, ni miongoni mwa wanaojaza vyumba vya mitihani ya Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA) kila Mei na Novemba.

Matokeo yakitoka, habari hufika haraka. Mtaani Njoro jirani humpongeza mama kabla mama mwenyewe hajaelewa vizuri kilichotokea: mtoto amepata CPA. Kuku huchinjwa, ndugu huitwa, na kabla sahani hazijaoshwa swali huwa limekwisha kuwekwa mezani. Sasa aende wapi?

Kila mtu ana jibu lake. Baba anataka serikalini, kwa sababu ya pensheni. Mjomba anataka benki, kwa sababu ya mkopo wa nyumba na heshima ya tai. Wenzake wa darasa wanataja ofisi kubwa za ukaguzi za Dar es Salaam. Mwenye duka la kona, ambaye karibu Tanzania nzima humwita Mangi hata kama si Mchaga, anashangaa kwa nini mtu anayejua hesabu kiasi hicho asifungue biashara yake. Na ikifika Desemba, watu wa Kilimanjaro wanaporudi nyumbani kwa Krismasi, kijana ataulizwa swali lile lile katika kila kihamba atakachopita: "Uko wapi siku hizi, mwanangu?"

Majibu yote hayo yana kasoro moja. Yanaanza na mshahara. Mhasibu aliyefuzu anapaswa kuanza na sahihi yake, kwa kuwa hiyo ndiyo mali pekee aliyoipata kwa mitihani ile, na ndiyo itakayopanda au kushuka bei kufuatana na mahali atakapoipeleka kwanza.

Mshahara wa karatasi

Ichukuliwe mfano wa kijana aliyepata kazi katika kampuni binafsi kwa Sh. 1,000,000 kwa mwezi. Kiasi hicho ni cha kurahisisha hesabu tu. Mfuko wa NSSF unachukua asilimia 10, yaani Sh. 100,000. Kodi ya mapato, kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, inatozwa kwenye Sh. 900,000 zilizobaki, nayo ni Sh. 103,000. Kama alisoma kwa mkopo wa serikali, marekebisho ya sheria ya mwaka 2016 yanamtaka mwajiri akate asilimia 15 ya mshahara kwa ajili ya Bodi ya Mikopo, yaani Sh. 150,000. Anaondoka na Sh. 647,000. Humo ndimo itatoka kodi ya chumba, nauli, ada ya mdogo wake na fedha ya mama.

Sasa aje mwajiri wa pili na kumwahidi Sh. 1,200,000. Kijana anaona ameongezewa Sh. 200,000 na anaandika barua ya kuacha kazi usiku huo huo. Makato yale yale yakipigwa upya, atapokea Sh. 748,000. Tofauti ni Sh. 101,000. Nusu ya kilichomvuta imebaki njiani.

Sh. 101,000 si fedha ya kudharau katika nyumba yenye mwanafunzi wa sekondari. Lakini mtu aliyefundishwa kusoma mizania hapaswi kuhama kazi kwa kutazama mstari mmoja wa juu. Anapaswa kuuliza kazi hiyo itamfanya awe na thamani gani baada ya miaka mitano.

Daraja na ladha

NBAA iliundwa kwa Sheria Namba 33 ya mwaka 1972. Tangu hapo haki ya kujiita mhasibu au mkaguzi aliyesajiliwa haitoki kwa mwajiri, inatoka kwa Bodi. Kampuni inapopeleka ritani ya kodi, sheria inataka hesabu zake ziwe zimepita mikononi mwa mhasibu wa namna hiyo. Benki inapoombwa mkopo mkubwa inaulizia hesabu zilizokaguliwa. Karatasi zile zile za stakabadhi na hati za malipo, zikipata sahihi inayoaminika chini yake, zinageuka kuwa kitu ambacho mgeni anaweza kukikopesha fedha.

Watu wa Moshi wanaelewa jambo hili kwa kahawa. Punje hupangwa madaraja, AA, A, B, PB na mengineyo, kwa ukubwa na umbo. Lakini mnunuzi wa mnadani hatoi bei kwa daraja peke yake. Kabla ya mnada anapewa sampuli, anaikaanga na kuionja. Cheti cha CPA ni daraja. Ladha inatokana na kazi aliyoifanya mwenye cheti, na soko huionja mapema kuliko yeye anavyodhani.

Na sahihi ikiharibika, hakuna daraja linaloiokoa. Ofisi ya Arthur Andersen ilianzishwa Marekani mwaka 1913 na ikawa mojawapo ya ofisi tano kubwa za ukaguzi duniani. Baada ya kampuni ya Enron iliyokuwa ikikaguliwa nayo kufilisika Desemba 2001, wateja walianza kukimbia, na kufikia mwisho wa mwaka 2002 ofisi hiyo ilikuwa imeacha kazi ya ukaguzi nchini humo. Majengo na kompyuta vilibaki. Kilichokuwa kimekwisha ni imani ya watu katika jina lililokuwa likitiwa chini ya hesabu.

Kiti kisichotikisika

Baba anayependekeza serikali ana sababu. Kiti cha halmashauri au wizara kina mshahara usiochelewa sana na mafao ya uzeeni. Kwa mtoto wa kwanza mwenye wadogo wanne nyuma yake, hilo si jambo la kuchekwa.

Hata hivyo, mkoa huu umeona viti vilivyodhaniwa havitikisiki vikianguka. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa kwa amri, KNCU ikiwemo, na kazi zake zikahamishiwa kwenye mamlaka ya zao. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha, na KNCU ikasimama tena mwaka 1984. Mwaka 1992 ikaundwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma. Benki ya Taifa ya Biashara iligawanywa mwaka 1997, na sehemu iliyobaki na jina la NBC ikauzwa mwaka 2000. Mwaka huo huo wa 2000 kiwanda cha sukari cha TPC, kusini ya Moshi, nacho kilipata mwekezaji.

Katika mabadiliko ya namna hiyo, mhasibu anayejua fomu za shirika moja tu hana cha kuuza nje ya lango. Anayejua kufunga hesabu, kukokotoa kodi na kujibu hoja za mkaguzi huokotwa na mwekezaji yule yule aliyekuja kupunguza watu. Kwa hiyo tatizo la kiti cha serikali au cha benki liko kwenye kukaa miaka kumi kwenye dirisha moja, mtu akipitisha masurufu au kulinganisha taarifa za benki, kazi ambazo kila mwaka mifumo ya kompyuta inazifanya kwa haraka zaidi na bila kuomba likizo.

Kwa anayehitaji usalama wa serikali, upo mlango ambao familia nyingi hazijaufikiria: Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, chini ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Ni utumishi wa umma, una pensheni, lakini kazi yenyewe ni ukaguzi. Kijana anayeingia huko huzunguka halmashauri, mashirika na miradi, na ripoti inayotokana na kazi hiyo hukabidhiwa kwa Rais kila mwaka kabla ya mwisho wa Machi. Hapo sahihi inakomaa hata kama mshahara ni wa kawaida.

Miaka kumi na minane

Hoja ya Mangi kwamba mtu afungue biashara yake mara moja hutiwa nguvu na jina moja linalotajwa kila mahali kwenye miteremko ya mlima huu: Reginald Mengi. Alizaliwa Machame, akafa Mei 2019 akiwa mmiliki wa kundi la kampuni za IPP, lililohusisha magazeti, televisheni, na kiwanda cha vinywaji cha Bonite hapa Moshi. Vijana hukumbuka kwamba alianza kwa kuunganisha kalamu za wino nyumbani kwake, na wanahitimisha kwamba ujasiri unatosha.

Wanasahau sehemu ya katikati. Mengi alisomea uhasibu Uingereza na kufuzu huko. Alirudi nchini mwaka 1971, akajiunga na ofisi ya ukaguzi ya Coopers and Lybrand, akapanda hadi kuwa mkuu wake, na hakuiacha mpaka mwaka 1989. Hiyo ni miaka 18. Aliwahi pia kuwa mwenyekiti wa NBAA. Alipogeukia biashara kwa nguvu zake zote alikuwa ameona vitabu vya biashara za watu wengine kwa miaka karibu ishirini: wapi fedha huvuja, mkopo gani huua, na benki huuliza nini.

Hakuna sheria kwamba kila mtu angoje miaka 18. Lakini anayemtolea mfano Mengi ili aikimbie ofisi ya ukaguzi baada ya miezi sita, anausoma mfano huo kinyumenyume.

Ofisi ya ukaguzi ni ngumu. Kuanzia Januari hadi Juni, kampuni zinazofunga mwaka Desemba 31 zinapowahi ritani ya miezi sita, kijana hulala kidogo. Kazi za mwanzo ni kuhesabu mali ghalani na kufuatilia stakabadhi. Malipo ya mwanzo yanaweza kuwa chini ya yale ya benki. Ila katika mwaka mmoja atafungua vitabu vya kiwanda, shule, hoteli ya watalii, hospitali na muuza mafuta. Hakuna kiti kingine kinachoonyesha biashara nyingi hivyo kwa muda mfupi hivyo. Tena anayetaka baadaye kusajiliwa na Bodi ili afungue ofisi yake ya ukaguzi, hana budi kuonyesha uzoefu wa kazi hiyo. Aliyeanzia kwingine atalazimika kurudi nyuma kuutafuta, akiwa na umri mkubwa na watoto.

Ofisi ya ghorofani

Wapo wanaotaka kufungua ofisi Moshi mapema, chumba ghorofani karibu na stendi, na kuishi kwa kutengeneza hesabu za wenye maduka wa Mbuyuni na Kiboriloni. Nao watazame soko lilivyo. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 ilipandisha kutoka Sh. milioni 20 hadi Sh. milioni 100 kiwango cha mauzo ambacho mfanyabiashara mdogo akiwa chini yake halazimiki kupeleka hesabu zilizokaguliwa. Kwa mwenye duka ilikuwa nafuu kubwa. Kwa mhasibu aliyetegemea sahihi ya mwisho wa mwaka, sehemu ya wateja iliondoka siku moja.

Fundisho ni kwamba ofisi inayoishi kwa sababu sheria imemlazimisha mteja kuja inaweza kufungwa na sheria hiyo hiyo. Inayodumu ni ile ambayo mteja angeijia hata bila kulazimishwa, kwa kuwa inamwambia bidhaa ipi inamla mtaji, na kwa nini fedha haipo benki ilhali duka linauza. Ushauri wa namna hiyo hautolewi na mtu aliyemaliza mitihani Novemba iliyopita.

Hatari nyingine ya kuanza mapema ni njaa. Mwenye ofisi changa isiyo na kodi ya pango ya mwezi ujao ndiye anayefuatwa na mfanyabiashara mwenye vitabu viwili, kimoja cha TRA na kingine cha benki, akiombwa "aweke muhuri tu". Kijana mwenye tumbo tupu na baba mwenye nyumba mlangoni atapata taabu kukataa. Akikubali mara moja, ameiuza sahihi kwa bei ya kutupwa na hatainunua tena.

Soko lisilo na wauzaji

Upande mwingine kuna soko ambalo karibu hakuna anayeligombania, nalo liko juu kidogo ya Njoro. Ni vyama vya ushirika vya msingi vya wakulima wa kahawa.

Historia yake yenyewe ni somo la uhasibu. Chama cha kwanza cha Wachaga cha wakulima wa kahawa, KNPA, kilianza mwaka 1925 na kikazama kwenye madeni na ugomvi wa fedha. Baada ya sheria ya ushirika ya mwaka 1932, mahali pake pakachukuliwa na KNCU mwaka 1933. Tangu wakati huo kahawa imepanda na kushuka, wanunuzi binafsi wakaruhusiwa msimu wa 1994/95, na mwaka 2018 serikali ikaelekeza kahawa ya wakulima ipitie tena kwenye vyama vya msingi. Katika vipindi vyote hivyo mkulima ameuliza swali moja: kahawa yangu iliuzwa kiasi gani, na kilichokatwa kilikwenda wapi?

Swali hilo sasa lina uzito zaidi. Februari 2025 bei ya arabika katika soko la New York ilipita dola 4 kwa ratili, kiwango ambacho hakikuwahi kufikiwa. Aprili 2025 Benki ya Ushirika Tanzania ilizinduliwa Dodoma, msingi wake ukiwa ile Benki ya Ushirika ya Kilimanjaro iliyoanzishwa Moshi katika miaka ya 1990. Fedha nyingi zaidi zikipita kwenye chama, ndivyo daftari dhaifu linavyokuwa hatari zaidi. Wahenga walikwisha kusema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na mzee wa Kibosho anayengoja malipo yake ya pili hahitaji kuelezwa methali hiyo.

Kwa nini wahasibu hawaendi huko? Kwa sababu chama kimoja hakina uwezo wa kumlipa CPA, na CPA hataki kuonekana amerudi kijijini. Kisingizio cha kwanza kina dawa. Vyama vitano au sita vya jirani vikichangia, vinaweza kumlipa mhasibu mmoja anayezunguka kwa pikipiki, siku moja ya juma katika kila chama, akifunga vitabu kila mwezi na kuwafundisha makatibu meneja. Mkaguzi wa COASCO, shirika lililoundwa mwaka 1982 kukagua vyama vya ushirika, akifika atakuta urari umesimama. Wanachama nao wakisomewa hesabu kwenye mkutano mkuu wataelewa kilichosomwa.

Kisingizio cha pili ni cha aibu, na aibu ya kijijini huisha siku mtu anapoonekana anahitajika. Hata hivyo hii si kazi ya kumpa anayeanza. Chama chenye bodi ya wazee waliozoea kuamua wenyewe kinahitaji mhasibu anayeweza kusema, "Mzee mwenyekiti, malipo haya hayana hati, siwezi kuyapitisha," akaheshimiwa. Ujasiri huo hujengwa mahali pengine kwanza.

Mpangilio wa njia

Kwa hiyo kijana wa Njoro aliyefuzu asichague mahali pa kuzeekea. Achague mahali pa kuanzia, akijua pa kufikia. Miaka mitatu mpaka mitano ya kwanza iende kwenye ukaguzi, katika ofisi binafsi kama nyumba inaweza kuvumilia, na katika Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi au COASCO kama haiwezi. Baada ya hapo kiwanda, benki au hoteli itamchukua kwa cheo cha kuamua badala ya cheo cha kujaza fomu. Anayetaka kutoka nje ya nchi naye hatapoteza kitu, kwani bodi za uhasibu za Afrika Mashariki zilitiliana sahihi makubaliano ya kutambuana mwaka 2011, na mwajiri wa Nairobi au Kigali atauliza swali lile lile: umekagua nini?

Anayetaka kurudi Moshi asirudi peke yake. Ofisi ya watu wawili au watatu, mmoja wa kodi, mmoja wa ukaguzi, mmoja wa ushirika, inaweza kukataa kazi chafu kwa kuwa hakuna mmoja wao anayekufa njaa mwezi huo.

Familia nazo zina sehemu yao. Ikiwa baba na mama wanataka mtoto apate sahihi yenye thamani, wampunguzie mzigo katika miaka hiyo michache. Ada ya mdogo wake ichangiwe na mjomba yule aliyependekeza benki. Harambee za harusi zinapata wachangiaji kila Jumamosi. Miaka mitatu ya kumwacha kijana ajifunze kazi inaweza kupata wachache.

Na Desemba ikifika, akiulizwa kwenye kihamba yuko wapi siku hizi, ajibu bila kuona haya kwamba yuko ofisi ya ukaguzi, mshahara ni mdogo, na mwaka huu amefungua vitabu vya biashara kumi na mbili. Mzee aliyewahi kukatwa fedha ya kahawa bila maelezo ataelewa kwa nini hilo ni jibu zuri. Huenda akamuuliza kama lini atapita kwenye chama chao.